Grupu imetoka Ubelgiji na kabureta imeliwa: lawama ni ya kadhafi au ya pombe iliyo ndani ya esanse?

Mwana_Muhumba (mwenye uzi) · Jumamosi, saa 2:14 usiku

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Naombeni msaada, na kama kuna kadhafi (muuza esanse, yaani petroli, wa barabarani) humu ndani asinikasirikie kabla sijamaliza.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, anaishi Liège. Mwaka jana alininunulia grupu ya umeme iliyotumika kidogo, kVA 2.8, akaiingiza kwenye kontena pamoja na mizigo ya watu wengine. Ikapanda meli Antwerp, ikashuka Dar es Salaam, ikapanda lori. Miezi mitano na nusu njiani. Ilipofika hapa Bukavu nikanunua bidoni ya esanse ya lita tano kwa kijana anayeuza kwenye kona yetu, nikamimina, nikavuta kamba. Ikanguruma dakika mbili, ikazima. Nikavuta tena mpaka bega likaanza kulia. Choki ikiwa imefungwa inawaka kwa kukohoa, nikiifungua tu inakufa.

Jana nimefungua kabureta mwenyewe. Kikombe cha chini kina duara la kutu nyekundu, kama kikombe cha kahawa kilichosahaulika wiki nzima. Juu ya kutu kuna ute mweupe, mzito, kama unga wa muhogo uliolowa. Ile jikleri, skrubu ndogo ya njano yenye tundu katikati, imeota kijani. Nimeielekeza kwenye taa, sioni mwanga upande wa pili. Na mwili wa kabureta wenyewe una vidonda vidogo, ukipitisha kucha vinakwaruza.

Nimemfuata yule kijana nikamwambia ameniuzia maji. Ameapa kwa mama yake mzazi. Ilibaki kidogo tushikane mashati mbele ya watu. Sasa nauliza: esanse mbaya inaweza kula chuma namna hii kwa siku tatu?

Bidoni_Njano · saa 2:31 usiku

Mimi ni kadhafi na sijakasirika, nimeshazoea. Moto (pikipiki) ikizima njiani ni kadhafi. Taa ikitoa moshi ni kadhafi. Siku moja mtu alinirudishia bidoni yenye mazutu (dizeli) akasema mimi ndiye niliyeibadilisha usiku.

Ila ndugu, tumia akili. Hata ningekuuzia maji matupu ya ziwa, kwa siku tatu ungepata kutu nyepesi ya kufuta na kidole. Vidonda ndani ya aluminiamu ni kazi ya miezi.

Fundi_Kadutu · saa 3:02 usiku

Kadhafi ana haki leo. Andikeni tarehe.

Mdogo wangu wa Muhumba, maswali mawili. Yaya wako alipoifunga mashine alimwaga esanse yote, pamoja na ile ya kwenye kikombe cha kabureta? Na wewe, kabla ya kumimina ya hapa, uliangalia kama tangi lilikuwa limekauka?

Mwana_Muhumba · saa 3:20 usiku

Nimempigia sasa hivi. Tangi alilimwaga "karibu lote". Kikombe hakukigusa, hakujua kama kina skrubu ya kumwagia.

Mimi kabla ya kumimina niliipindua, ikatoka kama robo lita. Niliiweka kwenye chupa ya maji nikaisahau nyuma ya mlango. Nimeichukua sasa hivi. Ina kitu cha ajabu: juu ni njano nyepesi, chini kuna tabaka la kama vidole viwili, na katikati kuna mstari kama umechorwa na rula. Nikitikisa linapotea, nikiacha linarudi. Maji hayo?

Fundi_Kadutu · saa 3:26 usiku

Maji yana mwenzake hapo. Ubelgiji, tangu Januari 2017, esanse ya kawaida ya 95 kwenye pampu ni E10, maana yake ndani yake kuna ethanoli hadi asilimia kumi. Pombe, kwa lugha ya Kadutu. Nimeshafungua mashine nyingi zinazoletwa toka huko: grupu, misumeno ya kukatia miti, injini ndogo za mtumbwi. Zote zina ugonjwa mmoja, kutu chini, unga mweupe, kijani kwenye jikleri. Hata bila kuuliza najua ilikaa kwenye kontena.

Namwachia mwalimu aeleze, mimi mikono yangu ina grisi.

Bagira_Boy · saa 3:40 usiku

Rahisi tu hiyo. Kamua ndimu kumi, lowesha kabureta usiku mzima, asubuhi inang'aa kama mpya.

Fundi_Kadutu · saa 3:41 usiku

USIFANYE. Kabureta hiyo ni aluminiamu na zinki. Ukiiweka kwenye ndimu usiku mzima, asubuhi utakuta inang'aa kweli, na vidonda vimekuwa mashimo. Tayari imeliwa na asidi, wewe unaiongezea nyingine.

Mwalimu_wa_Kemia · saa 4:15 usiku

Nimeitwa, nimefika. Vumilieni, nitakuwa mrefu.

Tuanze kwa kumtetea mshtakiwa. Ethanoli iliyo safi, baridi, na inayotembea haina haraka ya kula chuma. Shida yake ni tabia ya kuvuta maji. Esanse tupu haipatani na maji hata kidogo: katika lita kumi yanaweza kujificha mililita moja au mbili, yanayozidi yanazama chini na unayaona. Ukitia ethanoli asilimia kumi, lita hizohizo zinaficha karibu mililita hamsini, na jicho halioni kitu, esanse inameta kama kawaida. Ethanoli imeshika esanse kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine. Maji yakizidi, au baridi ikiingia, inaiachia esanse na kushuka pamoja na maji. Ndio mstari wako kwenye chupa. Na inashukia wapi? Chini ya tangi, kisha chini ya kikombe, mahali palepale jikleri inaponyonya.

Maji yametoka wapi wakati hakuna aliyeyamwaga? Tangi linapumua. Mchana kontena linachemka, hewa ya ndani inapanuka na kutoka kwenye tundu la mfuniko. Usiku inasinyaa na kuvuta hewa mpya, yenye unyevu wa bahari. Tangi likiwa na robo lita tu, sehemu yote iliyobaki ni pafu. Yaya wako alipobakiza kidogo ndipo alipofanya vibaya zaidi: angejaza pomoni kungekuwa na hewa kidogo, angekausha kabisa kusingekuwa na cha kuharibika. (Na kontena lenye tangi la esanse lililojaa hakuna meli inayolitaka, kwa hiyo hapo ni kukausha tu.)

Sasa kutu. Chukua kile kikombe. Kimefinyangwa kwa bati la chuma lililopakwa zinki. Mwili wa kabureta ni aluminiamu. Jikleri ni shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Metali za aina tofauti, zinagusana, zimezama kwenye kimiminika kimoja. Esanse tupu karibu haipitishi umeme kabisa, kwa hiyo zinakaa kwa amani miaka. Ethanoli yenye maji inapitisha, na ikibeba hata chembe ndogo ya chumvi inapitisha zaidi. Hapo umetengeneza betri bila kujua. Ndani ya betri hiyo metali dhaifu ndiyo inayoyeyuka ili kuilinda yenye nguvu: zinki inatangulia, aluminiamu inafuata, chuma kikishavuliwa koti lake la zinki kinaota kutu. Ute wako mweupe ni zinki na aluminiamu, walikuwa ukuta wa kabureta yako.

Aluminiamu ina ngozi yake nyembamba inayoikinga, ndiyo maana masufuria yetu hayaozi. Kloridi, ndugu ya chumvi ya mezani, inatoboa ngozi hiyo kwa vijitundu. Kwa hiyo unapata vidonda vya kukwaruza kucha badala ya kulika sawasawa.

Na kijani? Shaba katika betri ile ilikuwa upande wa wenye nguvu, ila asidi haikumwacha. Ethanoli ikikaa na hewa inageuka polepole kuwa asidi ya siki. Mnaijua wenyewe: kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikisahaulika wiki mbili inakuwa chachu mpaka inakunja uso. Asidi ya siki juu ya shaba inaleta ukoko wa kijani. Wamarekani katika kipimo chao cha ethanoli ya kuchanganya kwenye esanse wanaruhusu asidi isiyozidi asilimia 0.007 kwa uzito, muone jinsi wanavyoiogopa.

Kigamboni76 · Jumapili, saa 1:50 asubuhi

Salamu kutoka Dar. Kwanza, grupu ndiyo jenereta? Nimesoma nusu ya uzi nikidhani ni kikundi cha kwaya.

Pili, mwalimu, heshima yako, lakini naona ethanoli imepakwa matope kuliko inavyostahili. Nimeishi São Paulo miaka minne. Brazil walianza mpango wao wa pombe ya miwa mwaka 1975, na 1979 Fiat 147 ikawa gari lao la kwanza la kiwandani linalokunywa pombe tupu. Petroli yao ya kawaida ilikuwa na asilimia 27 kuanzia 2015, na Agosti 2025 wakapandisha hadi 30. Tena pombe yenyewe wanayouza kwenye pampu kwa magari ya pombe si kavu, ina maji ndani yake waziwazi. Mbona mji mzima haujaoza?

Mwalimu_wa_Kemia · saa 2:30 asubuhi

Swali zuri. Kwanza, ile pombe yao yenye maji haina esanse ya kuachana nayo, kwa hiyo ule mstari wa kwenye chupa haupo. Pili, viwanda vyao vililijua tatizo. Kabureta za magari ya pombe zilipakwa nikeli, matangi yakapakwa bati, mipira ikabadilishwa. Vyuma vilichaguliwa vikijua mgeni anayekuja. Grupu ya ndugu yetu imetengenezwa iweze kunywa E10 ikiwa kazini, haikutengenezwa ilale nayo nusu mwaka.

Fundi_Kadutu · saa 2:44 asubuhi

Na huko gari linatembea kila siku. Tangi linajazwa leo, keshokutwa limeisha. Pombe haipati muda wa kukaa na kuchacha. Mimi sijawahi kuona kabureta iliyoliwa hivi kwenye mashine inayofanya kazi kila siku. Zote zilikuwa zimelala.

Mwalimu_wa_Kemia · saa 2:52 asubuhi

Niongeze jambo moja linalonifurahisha ingawa halihusu grupu. Nimesema maji ndiyo mabaya. Lakini aluminiamu ikikutana na ethanoli kavu kabisa, halafu ikapashwa moto kama ndani ya pampu za injini za kisasa, inaliwa pia, tena kwa ghafla, na inatoa gesi ya hidrojeni. Ile ngozi yake ya kinga inahitaji maji kidogo sana ili ijishone ikichanika. Ukitia matone machache ulaji unasimama. Wanafunzi wangu hawakubali mpaka niwaandikie mlinganyo ubaoni.

Na matangi makubwa ya chuma ya kuhifadhia ethanoli huko Marekani yalipatikana yamepasuka kwenye viungo vya kuchomelea, bila kutu ya kuonekana. Shirika lao la mafuta, API, lilitoa ripoti ya kiufundi kuhusu hilo mwaka 2003. Mchango mkubwa ulitoka kwa oksijeni iliyoyeyuka ndani ya ethanoli, pamoja na chuma kuwa na mkazo pale kilipochomelewa.

Dereva_Lshi · saa 4:05 asubuhi

Bakubwa, mimi niko Lubumbashi. Yangu haikuwa kutu, labda mnisaidie. Nina pikapu ya zamani, tangi lake ni lile la bati la kiwandani. Nilipanda nayo kupitia Kasumbalesa mpaka Harare, nikajaza huko. Zimbabwe kuchanganya ethanoli ni lazima tangu 2013, imeandikwa kwenye pampu. Kurudi, kabla ya Chirundu gari likaanza kukosa nguvu mlimani. Filta nyeusi kama masizi. Nimebadilisha, Lusaka tena nyeusi. Tangu nirudi kwenye esanse yetu halijanisumbua, ila mpira mmoja wa bomba umevimba mpaka haurudi mahali pake.

Fundi_Kadutu · saa 4:20 asubuhi

Ethanoli imeosha tangi lako. Uchafu wa miaka ishirini uliokuwa umegandia ukutani imeulegeza wote, ukaenda kwenye filta. Mpira ni vilevile, mipira ya zamani inanywa pombe na kuvimba.

Chungulia ndani ya tangi kwa tochi. Matangi ya zamani yalipakwa mchanganyiko wa madini ya risasi na bati kuzuia kutu, na hilo koti halipendi ethanoli. Ukiona mabaka yanabambuka, jiandae.

Bidoni_Njano · saa 5:10 asubuhi

Sasa nina swali la kibiashara. Hii ninayouza mimi, nitajuaje kama ina pombe? Mimi naipokea kwenye madramu, sijui imepita wapi. Nimesikia hata Uganda wana sheria.

Mwalimu_wa_Kemia · saa 5:35 asubuhi

Wana sheria ya 2020 inayoruhusu kuchanganya hadi asilimia 20. Na mafuta yetu yanapita kwa majirani, kwa hiyo swali lako si la bure.

Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, toa sindano, ziba mdomo kwa nta. Chomoa kisukumio. Simamisha bomba mdomo ukiwa chini, tia maji mpaka mililita 4, jazia esanse mpaka 20. Funika kwa kidole chenye glavu, tikisa dakika moja, acha litulie dakika tano. Maji yanakaa chini. Yakibaki kwenye 4, hakuna ethanoli. Yakipanda, ethanoli imeshuka kuyafuata. Kwa E10 utaona kama 5 na nusu. Fanyia nje, mbali na jiko na mbali na sigara.

Mwana_Muhumba · saa 9:48 alasiri

Nimefanya, mke wangu akiwa shahidi na kunicheka.

Esanse ya yule kijana wa kona: maji yalianza 4, yakabaki 4. Nimerudia mara mbili.

Esanse ya Ubelgiji, nimechukua ile ya juu ya mstari tu: yamepanda karibu na 5. Tabaka la chini sikulipima, nimelichovya msumari mpya na kuuacha humo. Nitawapa habari.

Mwalimu_wa_Kemia · saa 10:05 jioni

Inaeleweka. Sehemu ya ethanoli ilikuwa imeshashuka chini, juu ilibaki pungufu. Na esanse hiyo ya juu imepoteza okteni (uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati ndani ya injini), usiirudishe kwenye mashine.

Mama_Saluni · saa 11:30 jioni

Samahani, nawasoma tangu jana kimya. Mimi nina grupu ya saluni, naiwasha umeme ukikatika tu, pengine mara mbili kwa juma, pengine wiki tatu hapana. Sijui kemia. Niambieni nifanye nini kwa mikono yangu.

Fundi_Kadutu · saa 11:52 jioni

Mama, ukimaliza kazi usiizime kwa swichi. Funga kibomba cha esanse kilicho chini ya tangi, uiache iendelee mpaka ijife yenyewe. Hapo kikombe kimebaki karibu kitupu. Ukijua italala zaidi ya mwezi, kuna skrubu chini ya kikombe, weka kopo, ifungue, mabaki yadondoke. Hata esanse isiyo na pombe ikikaa inaganda kama gundi, kwa hiyo kazi hii haipotei.

Mwana_Muhumba · Alhamisi, saa 1:20 usiku

Mrejesho.

Nimepata jikleri na kikombe kipya sokoni Kadutu, dola tisa vyote viwili. Kile cha zamani fundi amenionyesha kwa kukiminya: kidole gumba kilitokea upande wa pili. Ute mweupe tumeuondoa kwa brashi ya meno na esanse safi, vijitundu vya ndani tumevipitisha uzi mmoja wa waya wa shaba uliotolewa kwenye kebo. Nilitaka kutumia sindano ya kushonea, fundi akanipiga mkono, akasema chuma kitapanua tundu na mashine itaanza kulewa. Vidonda vya mwilini vimebaki, ila kwa bahati hakuna hata kimoja kilichofika pale sindano ya boya inapokalia, kwa hiyo haivuji.

Tangi tumelisuuza mara tatu. Imewaka mvuto wa pili, choki imefunguliwa, inakunywa taratibu. Msumari wangu umeota mabaka ya kutu sehemu iliyozama kwenye tabaka la chini, sehemu iliyokuwa juu ya mstari bado inameta.

Yaya wangu wa Liège ana msumeno wa miti anataka kuutuma mwezi ujao. Nimemtumia maneno ya fundi kwa sauti, amejibu kwamba ataufungua kwanza.

Na yule kijana nimekwenda kumwomba msamaha. Amenipokea vizuri, tumecheka, nikanunua lita mbili za heshima. Nilipofika nyumbani chupa hazikuwa zimefika shingoni. Nimenyamaza.

Bidoni_Njano · saa 1:34 usiku

Ilikuwa imekaa juani, ndugu yangu. Ikipoa inasinyaa. Muulize mwalimu.

Mwalimu_wa_Kemia · saa 1:41 usiku

Inasinyaa kidogo. Mpaka shingoni, hapana.